Ajali Ina Kinga

Methali za Kiswahili nazipenda, na nyingi kati yake nimezihifadhi kwa moyo. Lakini ipo moja ambayo nimeichoka, na leo naomba ruhusa ya wahadhiri wangu niipinge hadharani. Ni ile isemayo: ajali haina kinga. Husemwa hospitalini, husemwa msibani, husemwa kando ya barabara huku damu bado haijakauka. Ikishasemwa, mazungumzo yamekwisha. Hakuna anayeuliza tena nani alifanya nini, wala nani aliacha kufanya nini.

Mimi nasema ajali ina kinga. Nasema hivyo kwa sababu ipo ajali moja ambayo kinga yake ilikuwa mikononi mwangu, nami nikaiondoa.

Nazungumzia skuta ya umeme: kile kibao chenye magurudumu mawili madogo na usukani mrefu, ambacho mtu husimama juu yake, akabonyeza kitufe kwa kidole gumba na kwenda. Hapa Kigali bado si nyingi kama pikipiki, lakini kila muhula naziona zikiongezeka karibu na vyuo. Siku za Car Free Day, barabara zinapofungwa kwa magari, watoto na vijana huzishindanisha na baiskeli na viatu vya magurudumu. Zinapendeza. Hazitoi moshi, hazipigi kelele, hazidai mafuta. Mwanafunzi anayepanga chumba mlimani na kusoma bondeni huiona skuta kama jibu la dua yake.

Sisi tulikuwa wanne katika nyumba moja ya kupanga. Tulichanga fedha tukanunua skuta moja iliyokwisha kutumika. Muuzaji alitupa chaja, akatuonyesha kitufe cha kuwashia, akatutakia safari njema. Hakutuuliza umri. Hakutuuliza kama kuna yeyote kati yetu aliyewahi kuendesha chochote. Tulibakiwa na akiba kidogo, na mmoja wetu akasema tununue kofia ngumu. Tulikubaliana kwamba tutanunua mwezi ujao. Jioni ile tulikula mishikaki na ndizi za kuchoma kwa akiba ile ile.

Skuta ilikuwa imefungwa isizidi kilomita 25 kwa saa. Mimi ndiye fundi wa simu katika nyumba yetu. Nikatafuta programu, nikaiunganisha na skuta, na baada ya dakika chache kizuizi kilikuwa kimeondoka. Ikawa inafika 40. Wenzangu walinipigia makofi. Nilijiona shujaa.

Jioni moja baada ya mvua, mwenzangu wa chumbani aliichukua kwenda kununua mkate. Njia yetu inashuka kwa ukali, kama njia nyingi za mji huu wa vilima, na mwisho wa mteremko lami inakutana na barabara ya mawe. Mawe yalikuwa yameloa. Gurudumu la mbele lilikwama, na yeye akaendelea peke yake mpaka kwenye ukingo wa mfereji wa maji ya mvua. Tulimkuta amelala upande, hajui jina lake. Taya lilivunjika, meno matatu yaling'oka, na ubongo ulitikisika kiasi cha kumlaza siku nyingi. Alikosa mitihani. Amerudia mwaka.

Mama yake alikuja kutoka Rusizi kwa basi la usiku. Alinikuta nimekaa kwenye benchi la hospitali, nalia. Akanishika bega, akaniambia, "Usilie, mwanangu. Ajali haina kinga."

Nikanyamaza. Nikapokea msamaha ambao hakujua ananipa.

Ndiyo maana naichukia methali hii. Inatufariji kwa kutuficha ukweli, na ukweli wenyewe unaweza kupigwa hesabu. Mwanafunzi yeyote aliyesoma fizikia ya sekondari anaweza kuihakiki. Mtu anayekwenda kilomita 25 kwa saa na kugonga kitu kisichosogea hupata pigo sawa na la mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 2.5 hivi. Huo ni urefu wa dari ya chumba. Anayekwenda kilomita 40 kwa saa hupata pigo la mtu aliyeanguka kutoka mita 6 na zaidi. Hapo tumetoka kwenye dari ya chumba, tumefika dirisha la ghorofa ya pili. Mwendo niliouongeza kwa kidole, nikicheka, ulizidisha nguvu ya pigo zaidi ya mara mbili na nusu. Hakuna mmoja wetu ambaye angekubali kumrusha mwenzake dirishani. Mimi nilifanya jambo linalofanana na hilo, nikapigiwa makofi.

Wengine watasema: mbona pikipiki zinakwenda kasi kuliko hiyo na watu wanafika? Wanaouliza hivyo hawajaitazama skuta kwa makini. Pikipiki ina gurudumu kubwa, ina springi, ina breki zilizotengenezwa kusimamisha mzigo mzito, na dereva amekaa chini karibu na uzito wa chombo. Skuta nyingi zina gurudumu dogo kama sahani ya chakula. Shimo ambalo pikipiki hulipita bila habari huweza kulimeza gurudumu hilo. Mpanda skuta amesimama, uzito wake uko juu, miguu yake imefuatana juu ya ubao mwembamba. Gurudumu la mbele likisimama ghafla, hana cha kumzuia, na kinachotangulia ni kichwa. Tena skuta nyingi zilibuniwa kwa njia laini na tambarare za miji ya mbali. Huku kwetu tuna miteremko, matuta, barabara za mawe, mifereji isiyofunikwa, na mvua inayoanza bila kubisha hodi.

Halafu kuna ukimya wake, ambao tunausifu. Umoja wa Ulaya umeyalazimisha magari mapya ya umeme kutoa sauti ya onyo yanapokwenda polepole, kwa sababu mpita njia, hasa asiyeona, hutegemea masikio yake. Skuta haina sauti hiyo. Mzee anayevuka njia ya waendao kwa miguu hujua skuta imefika pale inapomgusa. Kwa hiyo hatari hii si ya mpandaji peke yake, na asitokee mtu wa kuniambia kwamba kila kijana ana haki ya kuchezea maisha yake mwenyewe.

Muhula uliopita, katika somo la istilahi, mhadhiri wetu alitueleza kwamba katika Kiswahili cha Tanzania chombo chenye injini kinachotembea barabarani huitwa "chombo cha moto". Mmoja wetu akatania: "Basi skuta yetu si chombo cha moto, maana haina moto!" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nimeufikiria sana utani ule. Nadhani ndani yake mna kosa letu lote. Kwa kuwa haina petroli, haina moshi wala mlio, tumeihesabu miongoni mwa vitu vya kuchezea. Mzazi ambaye hawezi kumpa mtoto wa miaka 13 ufunguo wa pikipiki humnunulia skuta kama zawadi ya kufaulu mtihani. Mlinzi wa lango anayemsimamisha mwendesha pikipiki asiye na kofia humwachia mpanda skuta apite, tena humpungia mkono. Sikulaumu, mzee wangu wa langoni. Hata sisi wanafunzi wa lugha tulidanganywa na neno.

Lakini umeme haulainishi lami. Mfupa ukigonga jiwe haujui kama mwendo ulitokana na mafuta au na betri.

Naomba nieleweke vizuri. Siupingi umeme. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria Kigali ni za umeme, nami naona fahari kwa hilo. Nimepumua moshi wa kutosha nikiwa nyuma ya motari. Wala sidai skuta zipigwe marufuku. Mji wa Paris ulijaribu njia hiyo. Mnamo tarehe 2 Aprili 2023 wakazi waliitwa kupiga kura kuhusu skuta za kukodisha. Waliojitokeza hawakufika asilimia 8, na karibu asilimia 90 ya waliopiga kura walizikataa. Ilipofika Septemba mwaka huo, skuta za kukodi zilikuwa zimeondoka. Lakini skuta za watu binafsi zimebaki barabarani hadi leo. Marufuku ilifagia njia za miguu, haikumfundisha mtu kuendesha.

Ninachokitamani zaidi ni zile kanuni ndogo ndogo ambazo hazisifiwi na mtu. Ufaransa iliweka kikomo cha kilomita 25 kwa saa, ikapandisha umri wa chini kutoka miaka 12 hadi 14, na ikapandisha faini ya kupanda wawili kwenye skuta moja hadi euro 135. Italia, mwishoni mwa 2024, ilianza kumlazimisha kila mpanda skuta, awe mdogo au mkubwa, avae kofia ngumu. Uingereza hadi sasa hairuhusu skuta ya mtu binafsi kwenye barabara za umma. Nchi hizi zina barabara nzuri kuliko zetu na magari ya wagonjwa yanayofika haraka, na bado zimeona haja ya kuogopa. Sisi ujasiri wetu tumeutoa wapi?

Najua jibu nitakalopewa na wakubwa. Watanitajia methali nyingine: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa. Lakini mkuu alisema nini? Hili nauliza kwa heshima, na sitaki kulikwepa. Katika siku zote tulizopanda skuta ile, tulipita mbele ya wazazi, wauza duka, walinzi, wahadhiri na viongozi wa wanafunzi. Wapo waliotutazama kwa wivu. Wapo waliotaka kujaribu. Mhadhiri mmoja tunayempenda sana alituambia tumekuwa vijana wa kisasa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Kofia iko wapi?" Kijana hawezi kuitwa mkaidi kwa neno ambalo hakuambiwa.

Na kwenu wenzangu, msifurahi mapema. Ukimya wa wakubwa hautusafishi. Sisi tunajua kofia ni nini. Kila siku tunapanda moto, na kabla hatujakaa, motari anatupa kofia. Tunaivaa kwa sababu tunajua polisi watamtoza faini. Hata hapo, wangapi kati yetu hufunga ule mkanda wa kidevuni? Tunaiweka kichwani kama sufuria juu ya jiko, tukilalamika kwamba inanuka jasho au inaharibu nywele. Kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini. Tumeifanya kofia iwe ushuru wa kumlipa askari, wakati ilitengenezwa kwa ajili ya fuvu.

Tafiti nyingi zilizofanywa kwa wapanda pikipiki zimechambuliwa pamoja, na matokeo yake yanajulikana: kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Nawauliza wanaosema ajali haina kinga: hiyo asilimia 69 ni kitu gani kama si kinga? Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Umri huo ni wetu sisi. Tunaandamana kwa ajili ya mambo mengi, tunafanya midahalo kuhusu mambo mengi. Kinachotuua kuliko vyote tunakiita bahati mbaya.

Kuna hoja ya mwisho, na hiyo ni nzito kwa sababu ni ya kweli: mwanafunzi hana fedha. Kofia nzuri ni ghali. Nami sikatai, kwa sababu nimeishi kwa maharagwe wiki nzima. Lakini sisi tulikuwa na fedha ya skuta. Mwenye fedha ya kununua mwendo na asiye na fedha ya kununua kofia hajanunua chombo kizima. Ni kama mtu aliyenunua nusu ya daraja na kuanza kuvuka. Kama ni kuchanga, tuchange mwezi mmoja zaidi. Kama ni watu wanne, kofia moja inatosha, maana skuta ni ya mtu mmoja.

Tangu mwaka 2019 polisi wetu wanaendesha kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani fika salama. Ni maneno mazuri, na tumeyazoea mpaka hatuyasikii tena. Ningependa yaanzie ndani ya malango yetu, bila kusubiri askari. Kwa uongozi wa vyuo, naomba jambo moja lisilo na gharama: kanuni inayomhusu motari langoni imhusu na mpanda skuta. Asiye na kofia iliyofungwa ashuke aisukume. Kwa wahadhiri, naomba swali moja tu kila mnapomwona mwanafunzi juu ya skuta: "Kofia iko wapi?" Mkiuliza mara tatu, tutaona haya. Kwa wazazi, msiwape watoto wa shule ya msingi chombo hiki na kukiita zawadi. Kwa wauzaji, msikabidhi skuta bila kofia, kama vile msivyouza kiatu kimoja.

Na kwa wenzangu: msipande wawili. Msishike simu. Mvua ikinyesha, tembeeni kwa miguu. Kwenye mteremko wa mawe, shukeni. Usiku bila taa, iacheni nyumbani. Na yule fundi wa simu aliyeko katika kila nyumba ya kupanga, ambaye sasa hivi anatafuta programu ya kuondoa kizuizi cha mwendo, namwomba aache. Wahandisi waliokiweka kizuizi kile walijua hesabu ya dari na dirisha. Anayekiondoa hajaiponya skuta. Ameondoa kinga ya mtu ambaye huenda hata hamjui.

Mwenzangu amerudi chuoni. Alikuwa bora kuliko sisi wote katika utungaji. Sasa mara nyingine husimama katikati ya sentensi, akilitafuta neno rahisi kama "kizingiti" au "ufagio", na sisi tunangoja, tukijifanya hatujaona. Daktari anasema huenda yakarudi yote. Skuta tuliiuza. Kabla ya kuiuza nilikirudisha kizuizi, na mnunuzi tulimpa kofia bila malipo. Alitushangaa.

Kabla ya kuandika insha hii nilimpa mwenzangu aisome, akaniruhusu. Kisha nikampigia simu mama yake Rusizi, nikamweleza jambo ambalo sikumweleza kwenye benchi: kwamba mimi ndiye niliyeongeza mwendo, na kwamba fedha ya kofia tuliila. Alikaa kimya kwa muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Hiyo kofia ilikuwa bei gani?"

Nikamtajia.

Safari hii hakunitajia methali.